Grace Hopper: bibi aliyevuruga hesabu zake za benki, akaishia kuifundisha kompyuta maneno

Leo naweka pembeni habari za barabara na bei ya mahindi, nataka tumzungumzie marehemu mmoja. Anaitwa Grace Hopper, Mmarekani, mwalimu wa hesabu na afisa wa jeshi la majini, aliyefariki tarehe 1 Januari 1992 akiwa na miaka 85. Wengi mmeshaliona jina lake kwenye mambo ya kompyuta mkalipita tu.

Kwa nini yeye? Kuna swali linanifuata kila nikikaa kafe: mtu akitaka kuandika programu ndogo ya akaunti ya benki, ile ya kuweka, kutoa na kuhamisha hela, anaanzia wapi? Basi ukianza kumjibu, hata dakika tano hazijaisha jamaa kakata tamaa. Mi Kiingereza kilinishinda bwana. Mi hesabu nilipata F. Kompyuta ni za watu wa chuo. Sasa mura, mi mwenyewe nimeishia sekondari, na kuna wakala mmoja hapa kijijini anatumia programu niliyomwandikia kuhesabu floti yake ya asubuhi na jioni. Na kilichonifungua macho ni maisha ya huyu bibi, hasa kisa kimoja cha kitabu chake cha hundi ambacho nitakifikia.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, jina lake la ukoo Murray. Akiwa na miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Ikamshinda kuirudisha. Akafungua ya pili, ya tatu, mpaka saa saba za nyumbani zikawa vipande vipande ndo mama yake akashtuka. Hakuchapwa. Aliambiwa tu kwamba kuanzia siku ile anaruhusiwa kuchezea saa moja, basi! (Sijui kwetu huku ungefungua hata redio moja ya mzee ungelala wapi.)

Alipoomba kuingia chuo cha Vassar akiwa na miaka 16 walimkataa, Kilatini kilimwangusha. Akarudi mwaka uliofuata, wakampokea. Naomba hilo mlikumbuke nyie mnaosema lugha ilikukwamisheni, maana huyu alikuja kumaliza 1928, akaenda Yale akachukua shahada ya pili 1930 na udaktari wa hesabu 1934. Mwanamke kuwa na udaktari wa hesabu miaka ile ilikuwa nadra sana, hata huko kwao. Akaolewa na Vincent Hopper, mwalimu mwenzake, akawa anafundisha hesabu Vassar. Ndoa ilikuja kuvunjika mwaka 1945, hawakuwa na watoto, na jina la Hopper akabaki nalo mpaka kaburini.

Vita Kuu ya Pili ilipowafikia Wamarekani alitaka kuingia jeshini. Wakamwambia umri umepita, na uzito haufiki kiwango. Alikuwa mwembamba kama ufito. Akang'ang'ana mpaka Desemba 1943 wakamchukua kwenye kikosi cha akiba cha wanawake cha jeshi la majini, kikiitwa WAVES, na kwenye mafunzo akawa wa kwanza darasani. Mwaka 1944 wakampeleka Chuo Kikuu cha Harvard kwa bosi mmoja mkali anaitwa Howard Aiken, kwenye mashine ya Mark I.

Hiyo Mark I usiifikirie kama hii iliyo mbele yako hapo kafe. Ilikuwa na urefu wa mita 15 na zaidi, imejaa magurudumu na swichi zinazogonga, na kwa sekunde moja ilijumlisha mara tatu hivi. Tatu! Maelekezo yake yalitobolewa kwenye kanda ya karatasi, tundu kwa tundu, kila tundu lina maana yake. Hopper ndiye aliyeandika kitabu cha maelezo ya mashine ile, zaidi ya kurasa 500, kikatoka 1946.

Hapa niweke sawa jambo moja. Mtandaoni imeandikwa sana kwamba yeye ndiye aliyekuta mdudu ndani ya kompyuta na ndo maana makosa ya programu yanaitwa wadudu. Ni kweli nondo alikutwa amebanwa ndani ya Mark II Septemba 1947, wakambandika kwenye daftari la kazi kwa selotepu, na daftari lipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho. Ila aliyemkuta si Hopper, na mafundi walikuwa wanayaita makosa kwa jina la mdudu miaka mingi kabla. Yeye alikuwa fundi wa kuisimulia tu, alipenda sana stori.

Baada ya vita Harvard hawakumpa kazi ya kudumu. Waandishi wa maisha yake wanasema kipindi hicho pombe ilimsumbua, na marafiki walikaa naye wakamsema. Alitoka. Mwaka 1949 akajiunga na kampuni changa ya Eckert na Mauchly kule Philadelphia, waliokuwa wanatengeneza UNIVAC, moja ya kompyuta za kwanza kuuzwa kibiashara.

Sasa kile kisa.

Kompyuta mojawapo ya pale, BINAC, ilikuwa inapewa maelekezo kwa hesabu za nane. Sisi tunahesabu kwa kumi: 8, 9, halafu 10. Kwenye hesabu za nane hakuna 8 wala 9, ukitoka 7 unaandika 10. Hopper akajifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha, mpaka kugawanya kwa nane, kichwani, kama vile ndo amezaliwa nazo. Mwisho wa mwezi anafungua kitabu chake cha hundi, anakuta salio lake na la benki haviendani. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu hivyo hivyo. Daktari wa hesabu kutoka Yale anashindwa kupiga hesabu ya hela zake mwenyewe!

Alikuwa na kaka yake anafanya kazi benki. Akampelekea. Kaka mtu akakaa jioni kadhaa na kile kitabu, akaja na jibu: dada, mara kwa mara hapa katikati umekuwa ukitoa kwa nane.

Ngoja niwape mfano wa kwetu muone ubaya wake. Una 12,000, umetoa 5,000. Mimi na wewe tunajua imebaki 7,000. Anayehesabu kwa nane anaandika 5,000, na kwa hesabu zake yuko sahihi kabisa! Elfu mbili imeyeyuka, na hakuna mwizi. Wala mashine haijaharibika. Tatizo ni kwamba mtu mmoja alikuwa anaishi dunia mbili, ya kwake na ya mashine, na kazi ya kuvuka mpaka kila siku alikuwa anaifanya yeye. Sisi wa Susuni tunaofika Sirari tukavuka Isebania na shilingi mbili tofauti mfukoni tunalijua hilo vizuri. Asubuhi unafikiri kwa hela ya Kenya, mchana kwa ya Tanzania, jioni daftari halieleweki.

Hopper mwenyewe baadaye alikuwa akikisimulia kisa hiki anapoeleza mawazo yake yalianzia wapi. Kwa nini binadamu ndiye ahangaike kuifuata mashine? Mashine si ndo haichoki? Basi yenyewe itafsiri.

Mwaka 1951 na 1952 akatengeneza kitu akakiita A-0. Kabla ya hapo waandishi wa programu walikuwa wananakili kwa mkono vipande vya kazi za zamani kuviingiza kwenye kazi mpya, na mtu anaponakili anakosea, 4 inageuka herufi, herufi inageuka 13. Yeye akaiachia kompyuta yenyewe ikusanye vile vipande na kuviunganisha. Ndo mwanzo wa kinachoitwa kompaila, yaani programu inayochukua ulichoandika wewe na kukigeuza kuwa maelekezo ya mashine. Kompaila za leo zimeenda mbali zaidi ya A-0, lakini wazo ni lile lile. Na alisema mwenyewe baadaye kwamba watu hawakuamini. Walisema kompyuta kazi yake ni kupiga hesabu, haiwezi kuandika programu.

Halafu ikaja hatua ninayoipenda kuliko zote. Aliona wafanyabiashara wanaoshughulika na mishahara, stoo na akaunti hawapendi alama za kihesabu. Wanataka maneno. Akapendekeza programu iandikwe kwa maneno ya kawaida, mabosi wakasema haiwezekani, kompyuta haijui Kiingereza. Mwaka 1955 akawaonyesha ka-mfano kadogo kanafanya kazi kwa maneno ya Kiingereza. Kisha, ili wamwelewe vizuri zaidi, akabadilisha yale maneno akaweka ya Kifaransa. Ikafanya kazi. Akaweka ya Kijerumani. Ikafanya kazi. Unajua kilichotokea? Mabosi wakaogopa! Ikawaje kompyuta ya Kimarekani, imejengwa Philadelphia, ijue Kifaransa na Kijerumani? Ilimchukua miezi kuwatuliza, na akalazimika kuahidi kwamba watabaki na Kiingereza tu.

Fikirini hapo wadau. Mashine haikuwa inajua Kiingereza hata kidogo. Neno kwake ni alama tu, ukiliona hili fanya lile. Kiingereza kilibaki kwa sababu mabosi ndio waliokuwa Waingereza wa Marekani, si kwa sababu waya zinakipenda. Angekuwepo Mkurya mezani pale, mashine ingemsikiliza vile vile.

Ile kazi ikawa lugha ya FLOW-MATIC. Mei 1959 watu kama 40 wa serikali, makampuni na watengeneza kompyuta walikutana Pentagon, Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kupanga lugha moja ya biashara itakayokubali kwenye mashine za kampuni yoyote. Ndipo ikazaliwa COBOL. Watu wanamwita Hopper mama wa COBOL, mi naona ni bibi yake zaidi. Aliyelianzisha wazo la kikao alikuwa mama mwingine, Mary Hawes, na kamati iliyoiandika ilikuwa na watu kama Jean Sammet. Hopper alikuwa mshauri, ila msingi mkubwa waliouchukua ulikuwa FLOW-MATIC yake. Desemba 1960 programu ile ile ikaendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti, RCA na Remington Rand, ikakubali kote.

Sasa turudi kwenye swali la kafe. Hii hapa ni roho ya programu ya akaunti, kwa COBOL. Mama anamlipa mwenye duka:

IF KIASI > SALIO-MAMA
    DISPLAY "SALIO HALITOSHI"
ELSE
    SUBTRACT KIASI FROM SALIO-MAMA
    ADD KIASI TO SALIO-DUKA
END-IF

Hebu isome kwa sauti. Kama kiasi kinazidi salio la mama, onyesha kwamba salio halitoshi. Vinginevyo toa kiasi kwenye salio la mama, ongeza kiasi kwenye salio la duka. Imeisha. Maneno ya lugha yenyewe ni ya Kiingereza na hayafiki hata kumi, mengine yote nimeyaita mwenyewe kwa Kiswahili na COBOL haina kinyongo. Uliyepata F ya hesabu, kuna kujumlisha, kutoa na kulinganisha. Unavyofanya sokoni kila siku.

Kuna mawili ya kuongeza hapo, maana hela si mchezo.

La kwanza, senti. COBOL ilijengwa kushika namba kwa tarakimu za kumi kama tunavyoziandika, unaiambia kabisa namba hii ina tarakimu saba na mbili za senti. Lugha nyingi za leo usipokuwa makini zinashika namba zenye nukta kwa mtindo wa mbili-mbili wa ndani ya mashine. Jaribu kwenye Python: 0.1 kuongeza 0.2. Utaletewa 0.30000000000000004! Hako kamkia ni ule ule ugonjwa wa kitabu cha hundi cha Hopper, dunia mbili kugongana. Kwa muamala mmoja hakaonekani. Kwa miamala milioni, mhasibu halali. Ndo maana anayeandika programu ya hela anatumia namba za desimali za aina maalumu, au anahesabu kila kitu kwa senti nzima bila nukta.

La pili ni zito zaidi. Angalia mistari ile miwili, wa kutoa na wa kuongeza. Umeme ukikatika katikati yake? Mama kakatwa, duka halijapata. Hapa kwetu nani hajawahi kuona hilo? Mtu ametuma hela ya dawa, mtandao ukakwama, kwake imetoka, kule haijaingia, anaambiwa asubiri. Elfu kumi kwa mtu anayelima robo eka si hela ya kusubiri. Dawa ya tatizo hili haikutoka kwa Hopper. Iliwekwa sawa na watu wa miaka ya 1970 na kuendelea, akiwemo Jim Gray, yule aliyepotea baharini na mashua yake Januari 2007 asionekane tena. Kanuni ni kwamba kutoa na kuongeza vihesabike kitu kimoja: ama vyote viwili vimefanyika, ama hakuna kilichofanyika. Mashine inaandika kwanza kwenye daftari lake inataka kufanya nini, ndipo inafanya, ikizimika na kuwaka tena inasoma daftari na kurudisha au kumalizia. Wakala mwenye akili anafanya hivyo hivyo, anaandika kwenye daftari kabla hajakupa noti.

Na msidhani haya yalikuwa ya Wamarekani tu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500, miaka mitano tu baada ya ile siku ya COBOL kuendeshwa kwenye mashine mbili. Mambo ya mahesabu ya serikali yakaenda kombo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ililegezwa miaka ya baadaye, lakini kizazi kizima kilikua bila kuzigusa. Halafu M-Pesa ikaanza Kenya Machi 2007, 2008 ikaanza na huku, na ghafla bibi wa kijijini asiyewahi kuona kompyuta akawa na akaunti kwenye simu ya tochi, menyu kwa Kiswahili: tuma pesa, toa pesa, salio. Mabosi wa Philadelphia wangezimia.

Turudi kwa marehemu. Mwisho wa 1966 jeshi lilimstaafisha kwa umri, miaka 60. Agosti 1967 wakamwita tena, eti kwa miezi sita tu, kwa sababu COBOL za jeshini zilikuwa kila moja na lahaja yake. Ile miezi sita ikawa karibu miaka 20. Ofisini kwake alitundika saa ya ukutani inayozunguka kinyumenyume, kuwaumbua wanaosema mambo lazima yafanywe kama yalivyofanywa siku zote. Kwenye mihadhara alikuwa anagawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, kila kimoja ni umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Wakubwa wa jeshi wakiuliza mbona ujumbe wa setilaiti unachelewa, anawaonyesha waya: kati ya hapa na kule juu kuna vipande vingi sana vya hivi.

Alistaafu kabisa Agosti 1986, na cheo cha admirali, akiwa na miaka 79, kwenye meli ya kale USS Constitution bandarini Boston. Hata hapo hakukaa nyumbani, kampuni ya kompyuta ya DEC ikamchukua awe mshauri, akawa nao mpaka alipofariki. Alizikwa kwa heshima za kijeshi makaburi ya Arlington. Manowari ikapewa jina lake, na mwaka 2016 Rais Obama akamtunuku Nishani ya Uhuru, mtu ameshalala miaka 24.

Lawama nazo zipo. COBOL imesemwa ni lugha ya maneno mengi, inachosha kuandika, na ile hofu ya mwaka 2000 ilitokana kwa sehemu kubwa na programu za zamani zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi. Mi nakubali inachosha. Ila Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa jimbo la New Jersey alisimama hadharani kuomba wanaojua COBOL wajitokeze, maana mfumo wa kulipa waliopoteza kazi ulikuwa umezidiwa na waliokuwa wakiuelewa ni wazee. Benki nyingi duniani bado zinaendesha miamala juu ya COBOL usiku na mchana.

Wa kujaribu, tafuteni GnuCOBOL, ni ya bure na inakubali hata kwenye kompyuta kuukuu. Anzeni na ile mistari sita hapo juu, kisha ongezeni makato ya wakala. Anayeona njia ya kuziba lile tundu la umeme kukatika kwa kutumia faili moja tu la daftari, aweke kwenye maoni hapo chini. Nami nitaiweka yangu keshokutwa tulinganishe.